Antonio wa Misri, kijana aliyeacha mashamba ya baba yake



Kila mwaka, tarehe 17 Januari, Kanisa lamkumbuka Mtakatifu Antonio Abate. Wakristu wengi wakisikia jina hilo hufikiri mara moja yule Antonio wa Padua, ambaye sanamu yake twaiona katika makanisa yetu akimpakata Mtoto Yezu, na ambaye watu humwomba wakipotelewa na kitu. Siye huyo. Tena huyo wa Padua hakuzaliwa na jina la Antonio. Jina lake lilikuwa Fernando, na alipoingia kwa Wafransisko mwaka 1220 alijitwalia jina la Antonio kwa heshima ya mtu mwingine wa kale sana, mtu wa Afrika. Huyo wa kale ndiye tutakayemsimulia leo.

Habari zake twazijua hasa kwa sababu ya Athanasio, askofu wa Aleksandria, aliyemfahamu na kuandika kitabu cha maisha yake upesi baada ya kifo chake. Kimo pia kitabu cha maneno ya wazee wa jangwani, kilichokusanywa baadaye. Tena ziko barua saba ambazo wataalamu wengi wa siku hizi wakubali kwamba ni za Antonio mwenyewe. Athanasio atuambia kwamba Antonio hakupenda kusoma shule. Lakini mwenye kuzisoma barua zile aona mtu mwenye akili kali na mafundisho mengi. Labda askofu alitaka kuonyesha kwamba hekima yake ilitoka kwa Mungu, si kwa waalimu wa Kigiriki. Sisi hatuoni ubaya kuzisikiliza shuhuda zote.

Antonio alizaliwa karibu na mwaka 251 katika kijiji kiitwacho Koma, katikati ya Misri, nchi ya mto Nili. Wazazi wake walikuwa Wakristu na watu wa mali. Siku zile dini ilikuwa imepata pumziko: Kaizari Desio alikuwa ameanza kuwatesa Wakristu mwaka 250, akafuata Valeriano, lakini tangu mwaka 260 mateso yalikoma kwa muda wa miaka arobaini na zaidi. Basi Antonio alikulia katika nyumba ya Kikristu yenye amani, chakula tele, na watumishi. Alisema Kikopti, lugha ya wenyeji. Kigiriki, lugha ya wakubwa wa mji, alihitaji mkalimani hata uzeeni.

Alipokuwa na umri wa miaka kumi na minane au ishirini hivi, baba na mama walikufa. Akabaki na mdogo wake mmoja, msichana. Nyumba, vyombo, na mashamba vikawa mkononi mwake, na mtoto yule pia. Mashamba yalikuwa arura 300. Arura ni kipimo cha Wamisri, na hizo 300 zapata hektari 80 za siku zetu. Na si ardhi ya mawe. Yalikuwa mashamba mazuri ya bonde la Nili, ambako siku zile maji ya mto yaliacha udongo mweusi kila mwaka.

Miezi sita haijapita tangu maziko, alikuwa akienda kanisani kama desturi yake, na njiani aliwaza mambo mawili: jinsi Mitume walivyoacha nyavu zao wakamfuata Bwana, na jinsi Wakristu wa kwanza wa Yeruzalemu walivyouza mali zao na kuweka bei yake miguuni pa Mitume. Akaingia, akakuta Injili inasomwa. Ilikuwa ile ya kijana tajiri, ambaye Yezu alimwambia auze vyote awape maskini, kisha aje amfuate. Sisi sote twaijua Injili hiyo. Tumeisikia mara ngapi? Twaisikia, twaketi, twangoja mahubiri, na baada ya Misa twarudi nyumbani kula. Yule kijana wa Injili alikwenda zake kwa huzuni maana alikuwa na mali nyingi. Kijana wa Koma alitoka kanisani akaenda kutenda.

Tuangalie alivyotenda, kwa maana hapa pana mambo mengi ambayo wenye kumsifu hupita mbio. Mashamba hakuyauza. Aliwapa wanakijiji wenzake, ili, asema Athanasio, wasipate kumsumbua tena yeye wala mdogo wake. Neno hilo lashangaza kidogo. Kwa nini wamsumbue? Wenye kuchunguza habari za Misri ya Warumi watusaidia. Kila shamba lilikuwa limeandikwa katika vitabu vya serikali, na kila shamba lilidaiwa kodi ya nafaka, ambayo sehemu yake kubwa ilipakiwa merikebuni ikaenda kulisha mji wa Roma. Mtu akikimbia kodi, mzigo wake uliwaangukia waliobaki kijijini. Na wengi walikimbia! Walikuwa na neno la Kigiriki kwa kukimbia huko, anakoresi, yaani kujitenga na kwenda zako. Na kwa neno hilohilo Wakristu baadaye wakawaita wakaapweke wa jangwani. Athanasio hasemi lolote juu ya kodi. Lakini mtu aliyekwenda jangwani akiacha arura 300 bila mwenyewe angaliwatwika jirani zake deni. Antonio hakukimbia namna hiyo. Aliwaachia ardhi yenyewe, pamoja na mavuno yake, na hakuna aliyeweza kumdai.

Vyombo vya nyumbani aliviuza, fedha akawapa maskini, isipokuwa kiasi kidogo alichomwekea mdogo wake.

Basi hapo ndipo penye shida. Siku nyingine aliingia tena kanisani akasikia Bwana akisema tusisumbukie ya kesho. Akatoka, akagawa hata kile kidogo alichokuwa amemwekea msichana, na yeye mwenyewe akamkabidhi kwa mabikira waaminifu aliowajua, wamlee katika maisha yao. Kisha akaanza kuishi peke yake nje ya mlango wa nyumba.

Twajua wasomaji wengi watakayouliza, maana sisi pia tumeyauliza. Kutupa mali yako ni jambo moja. Je, mtoto yatima, mdogo wako wa tumbo moja, naye ni mali ya kuachwa? Kwetu mkubwa wa nyumba akifanya hivyo, wajomba na shangazi watakutana siku hiyohiyo, na hatuwezi kusema wamekosa. Mungu mwenyewe ameamuru tuwaheshimu wazazi, na Mtume Paulo aliandika kwa ukali juu ya mtu asiyewatunza watu wa nyumbani mwake. Athanasio hatuambii kama msichana aliulizwa. Hata jina lake hakuliandika.

Neno hili hatutaki kulificha, kwa sababu Antonio mwenyewe halikumtoka moyoni. Athanasio ahesabu vishawishi vya kwanza ambavyo shetani alimletea kijana huyu katika upweke wake. Wachoraji wa Ulaya wamezoea kuchora mazimwi na wanawake. Lakini kitabu chaanza na mengine kabisa: kwanza ukumbusho wa mali, kisha ulezi wa mdogo wake, kisha undugu wa jamaa, kisha kupenda fedha na sifa, na utamu wa vyakula mbalimbali. Mashamba na msichana vyatangulia! Ndiyo kusema kwamba mtu aweza kugawa shamba kwa siku moja, lakini shamba lile likaendelea kulimwa ndani ya kichwa chake miaka mingi. Na ule ulezi ulimtesa kwa sababu ulikuwa jambo jema. Kushinda hamu ya nyama si kazi kubwa kama kunyamaza mbele ya sauti isemayo: na yule mtoto je?

Sisi twaamua hivi, na msomaji ana haki ya kuamua vingine. Antonio hakumtupa mdogo wake njiani. Alimweka mikononi mwa watu aliowaamini, watu wa Kanisa, miaka mingi kabla ya kuwapo nyumba za masista kama tuzionazo leo. Kitendo chake kilikuwa kizito, na kingekuwa kibaya kama kungalikosekana watu hao. Kwa hiyo mtu asichukue mfano wake akamwacha mke na watoto bila chakula, akisema anamfuata Antonio. Antonio alikuwa hajaoa, na kabla ya kuondoka alikuwa na mahali pa kumweka aliyemtegemea.

Mwanzoni hakwenda mbali. Siku zile wamonaki wa jangwa kubwa hawajakuwapo. Aliyetaka kujitoa kwa Mungu alikaa karibu na kijiji chake. Palikuwa na mzee katika kijiji jirani aliyekaa pweke tangu ujana wake, Antonio akamwendea. Akisikia habari za mwingine mwenye juhudi alikwenda kumwona pia, akajifunza kwa huyu sala, kwa huyu upole, kwa huyu kufunga. Alifanya kazi kwa mikono yake, maana alisikia kwamba asiyetaka kufanya kazi na asile. Ujira wake aliununulia mkate. Uliobaki aliwapa maskini. Jambo hili twaomba liangaliwe: mtu aliyegawa hektari 80 aliendelea kugawa ujira wa siku. Wako watu wanaotoa zawadi kubwa mara moja, kisha wanaishi kwa sifa yake mpaka kufa.

Baadaye alikaa makaburini, na rafiki mmoja alimletea mkate. Alipofika miaka thelathini na mitano hivi, alivuka mto akaingia jangwani, mahali paitwapo Pispiri, penye ngome ya kale iliyoachwa. Njiani aliona sahani kubwa ya fedha mchangani. Akasimama, akafikiri: njia hii haipitwi na watu, na aliyeangusha kitu kikubwa hivi angalirudi akakiona. Akatambua mtego, akaendelea na safari. Akaa katika ngome ile miaka karibu ishirini, akipokea mkate wa kukausha mara mbili tu kwa mwaka. Rafiki zake walipouvunja mlango karibu na mwaka 305, walitazamia kumwona mtu aliyekonda kama mgonjwa au aliyerukwa na akili. Kumbe alitoka mwenye mwili kama walivyomjua zamani, hakunenepa wala hakudhoofika, na roho yake imetulia. Wengi wakaja kukaa karibu naye, na jangwa, kama Athanasio asemavyo, likawa kama mji.

Lakini kuacha ulimwengu hakukuwa kuwaacha watu. Mwaka 311, chini ya Kaizari Maksimino, mateso yalipozidi Misri, na Petro askofu wa Aleksandria akauawa, Antonio alishuka mjini. Aliwahudumia Wakristu waliofungwa na waliotiwa kazini migodini, akawasindikiza mahakamani. Hakimu alipoamuru wamonaki wote waondoke mjini, wengine walijificha. Antonio alifua nguo yake akasimama mbele mahali pa wazi, ili aonekane. Alitamani kufa shahidi, na Mungu hakumpa. Hilo nalo lilikuwa la kuachwa.

Baada ya hapo sifa yake ilikuwa kubwa mno, watu wakamjia kwa makundi, wagonjwa, wenye kesi, wakubwa wa serikali. Akaona hatari. Akafuatana na msafara wa Waarabu siku tatu mchana na usiku, mpaka mlima ulio karibu na Bahari ya Sham, wenye chemchemi na mitende michache. Alipoona ndugu wanachoka kumletea mkate toka mbali, aliomba jembe, shoka na nafaka kidogo, akalima bustani yake, akafurahi kwamba hamlemei mtu. Halafu akapanda na mboga, kwa ajili ya wageni wafikao wamechoka. Chini ya mlima huo yapo hata leo makao ya wamonaki wa Kikopti yenye jina lake; na katika kuyatengeneza, chini ya sakafu ya kanisa la Mitume, vilionekana vyumba vidogo vya wakaapweke wa kale.

Kaizari Konstantino na wanawe walimwandikia barua wakimwita baba na kuomba jibu. Hakutaka hata kuipokea. Aliwaambia wenzake wasistaajabu mfalme kuwaandikia, kwani naye ni mtu. Heri wastaajabu kwamba Mungu aliwaandikia watu sheria yake na kusema nao kwa Mwanawe. Wenzake wakamsihi, kwa kuwa watawala hao ni Wakristu na wangeudhika. Ndipo akajibu, akawashauri wakumbuke hukumu ijayo na kuwaangalia maskini.

Na mdogo wake? Athanasio ana sentensi moja tu, nasi twaithamini kuliko habari zote za mashetani. Siku moja Antonio alitoka mlimani kwake akawarudia ndugu wa Pispiri. Alifurahi kwa kuona bidii yao, na alifurahi kumwona mdogo wake, amezeeka katika ubikira, naye ni kiongozi wa mabikira wengine. Miaka mingi ilikuwa imepita. Hatuambiwi walisemezana nini. Ndugu wawili wazee, waliokuwa na mashamba mazuri kuliko watu wengi wa Koma, walionana bila kuwa na hata kipande kimoja, na hakuna aliyekuwa na dai juu ya mwenzake.

Baadhi ya wasomaji watasema: hayo ni ya watawa, sisi tuna watoto, tuna kodi ya nyumba na karo za shule. Neno hili lilizungumzwa katika Misri ileile kabla Antonio hajazaliwa. Karibu na mwaka 200 Klementi, mwalimu wa Aleksandria, aliandika kitabu kizima juu ya tajiri atakayeokoka. Alifundisha kwamba mali ni chombo. Atumiaye vizuri imtumikia, na aliye maskini wa faranga aweza kuwa tajiri wa tamaa. Wengine wamedhani Klementi alitaka kuwapoza matajiri wa mjini. Sisi twaona ana haki nusu. Kweli tamaa ndiyo ya kung'olewa kwanza. Lakini mtu ajuaje kwamba ameing'oa, kama mkono wake haujafunguka hata mara moja?

Wazee wa jangwani nao hawakudhani kwamba nguo ya kimonaki yatosha. Wasimulia kwamba ndugu mmoja aliuacha ulimwengu, akagawa mali yake, lakini akajiwekea akiba kidogo. Antonio akamwambia aende kijijini anunue nyama, ajifunike nayo mwilini bila nguo, arudi hivyo. Akafanya, mbwa na ndege wakamrarua njia nzima. Antonio akamwonyesha kwamba hivyo ndivyo pepo wabaya wanavyomrarua aliyeacha nusu. Lakini wasimulia pia habari nyingine, na hii ingefaa isomwe mara nyingi zaidi katika parokia. Antonio alifunuliwa jangwani kwamba mjini yuko mtu aliye sawa naye. Askofu? Mmonaki? Hapana, alikuwa mganga wa kuponya wagonjwa. Yaliyozidi mahitaji yake aliwapa maskini, na kila siku aliimba pamoja na malaika kwamba Mungu ni Mtakatifu. Mtu huyo alikaa katika nyumba yake, mjini, kati ya wagonjwa na makelele ya soko.

Habari za Antonio zilienea upesi hata ng'ambo. Mwaka 386 huko Milano mgeni mmoja, Pontisiano, alimsimulia Augustino, naye ni Mwafrika wa Tagaste, ambaye mpaka siku hiyo hajasikia hata jina la Antonio. Augustino aliona haya kwamba watu wasio na elimu wanainyakua mbingu, na yeye na elimu yake yote anagaagaa. Siku hiyohiyo, bustanini, alikumbuka jinsi Antonio alivyolipokea neno la Injili, akafungua kitabu cha Mtume Paulo. Pasaka ya mwaka 387 akabatizwa.

Yabaki habari ya mwisho. Wamisri walikuwa na desturi ya kuhifadhi miili ya wafu, hasa ya watu waheshimiwa, wakiifunga sanda na kuilaza vitandani ndani ya nyumba zao. Hata Wakristu walifanya hivyo, wakidhani wawatukuza. Antonio hakuipenda desturi hiyo. Aliwakumbusha kwamba mababu wa Biblia na Bwana mwenyewe walilazwa kaburini. Alipojua kwamba siku zake zimekwisha, akiwa na umri wa miaka 105, aliwaita ndugu wawili waliokuwa wakimtumikia kwa sababu ya uzee wake, akawaagiza wamzike ardhini na wasimwambie mtu yeyote mahali. Wakafanya kama alivyoagiza, mwezi wa Januari mwaka 356.

Urithi aliugawa mwenyewe. Ngozi moja ya kondoo, pamoja na joho alilokuwa akilalia, apewe askofu Athanasio, ambaye ndiye aliyempa joho hilo likiwa jipya. Ngozi ya pili apewe askofu Serapioni. Vazi la singa wabaki nalo wale wawili. Hayo ndiyo yote.

Mwezi uliofuata, Februari 356, askari wa Kaizari Konstansio walivunja usiku milango ya kanisa la Aleksandria, kwa sababu Athanasio alikataa kukubaliana na uzushi wa Ario. Askofu aliponyoka gizani, akaacha kanisa lake, nyumba yake na vitabu vyake. Muda wa miaka sita alijificha jangwani, mara nyingi kati ya wamonaki. Ndiko, kama wengi wanavyoamini, alikoandika maisha ya Antonio, akituambia kwamba aliyepewa ngozi ile aitunza kama mali kubwa.